Kitovu Chini ya Sale

Mtoto aliacha kunyonya siku moja baada ya kitovu chake kuzikwa. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Célestine kuliko yote, kwa sababu mtoto mwenye njaa hulia, na mama akasikia, akajua la kufanya. Huyu aligeuza tu uso wake kutoka kwenye ziwa, akaelekeza macho dirishani, akatulia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na sasa anangoja liitwe tena.

Dirisha lile lilitazama bondeni. Walikuwa wanaishi Yeoville, mtaa wa Johannesburg, katika chumba kimoja cha fleti iliyogawanywa kwa mapazia na mbao, na kutoka hapo mtu aliona mabati ya nyumba za chini, mijakaranda iliyoanza kuchanua zambarau, na nyuma yake kipande cha kijani kilichonyooka kama meza. Kile kipande cha kijani kilikuwa bustani.

"Mugeuzie ziwa la kushoto," alisema Brigitte, mama mkwe wake. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono imelala mapajani. "Batoto bengine banapenda la moyo."

"Nimemgeuza, mama. Tangu asubuhi namgeuza."

"Labda umekula kitu kichungu."

"Nimekula ulichopika wewe."

Brigitte hakuwa mwanamke wa kugombana. Tangu alipoletwa kutoka Kabare, Kongo, kuja kumpokea mjukuu, alikuwa akiamka kabla ya wote kuchemsha maji, na maji ya kwanza ya moto yalikuwa ya Célestine kila siku, hata siku ambayo umeme ulikatika na ikabidi ayafuate kwa jirani wa ghorofa ya tatu. Lakini leo aliyatazama macho ya mjukuu wake, akafuata yanakotazama, akaona bonde, na rangi ya uso wake ikabadilika. Akainuka, akavuta pazia.

Mtoto aliendelea kulitazama pazia.

Octave, mume wa Célestine, alirudi kazini jioni akiwa bado na sare ya ulinzi. Alimchukua mwanawe mikononi, akampulizia usoni, akamwimbia kidogo. Jina la mtoto lilikuwa Hénock, jina la babu yake.

"Huyu ni mwanaume, anaonyesha kiburi tu," alisema. "Kesho atakula mpaka aombe wali."

Hakuna aliyecheka, naye hakurudia.

*

Kliniki walifika mapema, lakini foleni ilikuwa imeshafika nje ya geti. Mwanamke wa mapokezi alizigeuza karatasi za ukimbizi za Célestine kwa ncha ya kalamu, kana kwamba zimelowa.

"Hii imekaribia kuisha," alisema kwa Kiingereza. "Mnazaa tu, mnazaa, halafu mnatuletea sisi."

Octave alifungua mdomo. Célestine akamkanyaga kidole cha mguu, taratibu, akatabasamu kwa yule mwanamke. Octave akaufunga mdomo. Watu wa nyuma yao walitazama sakafu. Kijana mmoja aliyekuwa amekalia kiti pekee chenye mgongo akanyanyuka bila neno, akakisogeza kwa mguu mpaka kikamgusa Célestine nyuma ya magoti. Akakaa.

Nesi aliyewapokea ndani alikuwa mama wa makamo, mnene, na miwani ilining'inia kifuani kwa kamba. Alimvua Hénock, akamgeuza, akachungulia kinywani, akagusa ulimi, akasikiliza moyo. Alimpima uzito, kisha akampima tena.

"Hana homa. Hana kidonda kinywani. Moyo wake ni mzuri," alisema polepole ili Octave apate kumtafsiria mkewe. "Mtoto mzima kabisa. Lakini anapungua."

"Kwa nini hanyonyi?"

Nesi alimtazama mtoto. Hénock alikuwa amegeuza shingo kuelekea ukutani. Ukuta ulikuwa mtupu. Nesi akaugeuza mwili wake kwa upole ili aelekee upande wa pili. Shingo ikarudi kule kule, kama sindano ya dira.

"Eish," nesi alisema kwa sauti ya chini. Halafu akajikaza, akachukua kikombe kidogo cha dawa, akamwonyesha Célestine jinsi ya kukamua maziwa na kumtilia mtoto mdomoni tone kwa tone. Alimwonyesha mara tatu, hakuchoka. "Fanya hivi mchana na usiku. Jumatatu mrudishe. Akiwa amepungua tena, nampeleka hospitali wamlaze, wampitishie mpira wa maziwa puani. Usiogope kurudi. Ukifika mlangoni sema unaniona mimi, usipange foleni ile."

Akamwekea kile kikombe ndani ya mfuko wa nepi, akiangalia kwanza kama kuna anayemwona.

Walipotoka nje Célestine alisimama chini ya kivuli cha ukuta, akaangalia upande ambao mtoto alikuwa akiutazama kule ndani. Alijaribu kufikiri barabara zinavyopita. Ukitoboa ukuta ule, ukashuka moja kwa moja, unafika bustanini.

*

Zamani, pale bustanini palikuwa uwanja wa Wazungu wazee waliovaa nyeupe, wakiviringisha mipira mizito juu ya nyasi fupi. Wazee wakafa, watoto wao wakahama, klabu ikafungwa, nyasi zikageuka magugu. Aliyeingia wa kwanza na jembe alikuwa Rosalia, Mchaga wa Kibosho, mjane wa Msauzi aliyekuwa mkimbizi wa siasa kule Tanzania na kurudi kwao baada ya magereza kufunguliwa.

Rosalia aligawa ile ardhi kwa namna moja tu aliyoijua, ya kwao mlimani. Hakuuza wala hakukodisha. Aliyetaka kipande alikuja akasimama naye pembeni, wakatembea pamoja kuzunguka mipaka bila kusema, kisha Rosalia akapanda sale katika kila pembe, ule mmea wa majani marefu ambao kwao hutenga shamba na shamba na ambao hakuna anayethubutu kuung'oa. Mavuno ya kwanza, mwenye kipande alimletea konzi moja ya alichopanda. Akiondoka, anarudisha ardhi mkononi mwake kama alivyoipokea. Hivyo ndivyo Wakongo, Wazimbabwe, Watanzania na wenyeji wa pale walivyolima ubavu kwa ubavu miaka yote, na ugomvi wa mipaka haukujulikana.

Baridi ilipokwisha, Rosalia aliyekuwa sasa na magoti mabovu alikata nusu ya kipande chake mwenyewe akaipa familia ya Octave. Alitembea mipaka na Brigitte kwa sababu Célestine alikuwa na mimba kubwa. "Kuanzia hapa mpaka pale ni yenu," alisema. "Ule mmoja wa katikati msiuguse." Brigitte aliitikia kwa kichwa. Na kwao Kabare mmea kama ule hupandwa mpakani. Alielewa, au alidhani ameelewa.

Kutoka kliniki, Célestine alishuka bondeni peke yake na mtoto mgongoni. Nyumbani hakukuwa na mboga, na Octave ilibidi akimbilie kazini. Mvua ilikuwa bado haijanyesha tangu miezi ya baridi; udongo wa njiani ulikuwa mwekundu na mkavu kiasi cha kuruka kwenye viatu. Ndege weusi wenye midomo mirefu walikuwa wakidonoa kwenye matuta. Alipoingia getini waliruka wote kwa pamoja, wakipiga yowe lao, isipokuwa mmoja aliyebaki amesimama kando ya sale ya katikati, kichwa kimeinama.

Célestine akaanza kuchuma lengalenga, mchicha wa kwao. Mgongoni, mtoto akajinyoosha.

Hakuwahi kujinyoosha namna ile. Miguu midogo ilisukuma kiuno chake, shingo ikageuka. Célestine akazunguka kwenda kushoto; shingo ikageuka kulia. Akazunguka kwenda kulia, ikageuka kushoto. Mara zote ilikuwa ile sale.

Akaisogelea. Udongo wa bustani nzima ulikuwa umepasuka, lakini chini ya sale ulikuwa mweusi, umelowa, laini kama unga uliokandwa. Haukuwa umemwagiwa tu. Ulikuwa umechimbuliwa, ukarudishwa na kushindiliwa vizuri, na juu yake palikuwa na alama ya mguu mtupu, mkubwa, mguu wa mwanaume. Mmoja. Alitafuta wa pili, hakuuona.

"Usikanyage hapo, mdogo wangu."

Célestine alishtuka. Alikuwa Kudra, fundi cherehani wa Yeoville aliyekuwa na kipande cha jirani, Mtanga mwenye sauti nene na kilemba kilichochoka. Alikuwa ameshika ndoo tupu.

"Nani amemwagia hapa, dada Kudra?"

"Hata mimi nauliza. Jana nilidhani ni wewe. Juzi nilidhani ni mama mkwe wako." Akaweka ndoo chini. "Bomba limekauka toka wiki iliyopita. Mimi nabeba maji kutoka nyumbani."

"Labda mama Rosalia."

"Rosalia na magoti yale? Mwezi huu hajashuka hata mara moja. Namwona dirishani tu, anapunga mkono." Akamchungulia mtoto. "Mbona amekonda hivi, masikini?"

Célestine akamweleza. Alieleza yote akiwa amesimama, mpaka habari ya hospitali. Kudra alimfungua mtoto mgongoni, akambeba, akamwacha mama yake anyooshe mgongo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mabega ya Célestine kuwa matupu.

"Mnajua kilichomo chini ya huu mmea?" Kudra aliuliza.

"Ni mpaka."

"Mpaka gani katikati ya shamba? Mpaka uko kule pembeni." Kudra akapunguza sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Hapa pana kitovu cha Zephania, mtoto wa Rosalia. Alimzaa Morogoro, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kisauzi. Mumewe alikataa kitovu kizikwe kule, alisema mwanangu atazikiwa kitovu kwao. Rosalia akakiweka kwenye mkebe wa maziwa, akaja nacho mpaka huku, na miaka yote walikaa ghorofani, hana udongo. Alipopata huu uwanja, cha kwanza alichopanda ni hicho."

"Na huyo Zephania yuko wapi?"

"Alitoka mwaka ule wa vurugu za Aprili, walipokuwa wanachoma maduka ya wageni. Alisema anakwenda kumsaidia rafiki yake kufunga duka. Hakurudi. Polisi hawana maiti, hospitali hazina jina." Kudra alimrudishia mtoto. "Wachaga wanasema mtu ambaye kitovu chake kiko kwenye kihamba cha mama yake, shamba la nyumbani, hata apotee namna gani, njia ya kurudi anayo. Ndiyo maana Rosalia hajawahi kumlilia. Anamngoja."

Célestine alitazama udongo uliolowa.

Alikuwa hajaambiwa kitovu cha mwanawe kilizikwa wapi. Kwao, kazi hiyo ni ya mama wa baba, naye huifanya peke yake, kimya, na mzazi haulizi.

*

Aliuliza. Aliuliza akiwa bado amesimama mlangoni, mboga mkononi.

Brigitte alikuwa akikunja nepi. Alikunja mbili zaidi kabla ya kujibu.

"Nilitafuta fasi jembe haifike," alisema. "Huku hamuna hata mugomba mumoja. Hamuna uwanja. Ningekitupa kwenye choo cha fleti? Mutoto wa mutoto wangu? Nikaona ule muti. Kwetu muti wa mpaka habaung'oe. Nikasema, hapa hata batuhamishe, yeye atabakia."

"Ulikuta nini chini, mama?"

"Mukebe. Iko na kutu. Nilisema ni takataka ya Bazungu." Mikono yake ikaacha kukunja. "Nikaweka kitambaa chake juu yake. Nilisema itakuwa kama jiwe, panya habataweza kutoka chini."

Nyuma ya pazia la kugawa vyumba, jirani alikuwa akikaanga kitunguu na redio ikiimba kwa Kilingala.

Octave aliporudi na kuelezwa alivua kofia, akaivaa tena. "Ni mkebe tu," alisema. "Na mtoto ni mgonjwa tu. Nesi mwenyewe amesema."

"Nesi amesema ni mzima," alijibu Célestine.

"Basi ni mzima."

"Octave. Mtazame."

Alimtazama. Hénock alikuwa amelazwa katikati ya kitanda, uso kwenye pazia lililofungwa. Mfupa wa shavu ulikuwa umeanza kuonekana. Octave akamgeuza kama wote walivyokwisha kumgeuza, na akaona kama wote walivyokwisha kuona. Akakaa chini sakafuni na viatu vyake.

"Mi nitaenda kumwambia huyu mama," Brigitte alisema. "Nitapiga magoti. Lakini nitasema nini? Nimelaza wetu juu ya wake. Mutoto wake iko anatafuta njia, mimi nimekaa mulangoni."

Kudra ndiye aliyewaambia la kufanya. Alipita kesho yake na uji wa ulezi ndani ya chupa, kwa ajili ya Célestine, asiishiwe maziwa. Aliwaambia kwamba kwa Wachaga, mwenye kosa humwendea aliyekosewa akiwa ameshika jani la sale, na aliyeletewa jani lile hawezi kukataa kusamehe, hata kama ni damu.

"Lakini msikate kwenye ule mmea wenyewe," alionya. "Wala wa pembe yoyote kule bustanini. Hilo litakuwa kosa juu ya kosa."

"Sasa tutaitoa wapi, Johannesburg?" aliuliza Octave.

Aliuliza, na papo hapo akajua. Alilinda jengo la ofisi pale Braamfontein, na kwenye ukumbi wa chini, kando ya lifti, kulikuwa na vyungu vya maua. Kimoja kilikuwa na mmea ule ule. Alikuwa ameutazama miaka mitatu bila kuuona.

Alikata jani moja kwa kisu cha mfukoni wakati wa chakula cha mchana. Msimamizi wake alimkuta nalo mkononi.

"Nini hiyo, papa?" aliuliza, akiwa na wafanyakazi wawili wa ofisi pembeni yake. "Mnakula na maua sasa?"

Wale wawili wakacheka. Octave angeweza kusema lilikuwa limekauka. "Ni la mwanangu," alisema. "Anaumwa." Msimamizi akaacha kucheka, wale wengine wakaangalia milango ya lifti. Dada wa usafi aliyekuwa akipiga deki alimsogelea baadaye, akampa gazeti la kulifungia lisivunjike.

*

Rosalia alikuwa akiishi ghorofa ya kwanza, kwenye nyumba ya matofali iliyoitazama bustani. Jumapili asubuhi walimkuta amevaa kwa ajili ya misa, rozari kiganjani. Alipofungua mlango akamwona Brigitte amepiga magoti kwenye zulia la kufutia miguu, jani mkononi, Octave na Célestine nyuma yake, hakusema karibu. Alishika fremu ya mlango.

"Nani amekufundisha hilo?" aliuliza.

"Mama, nimekukosea," Brigitte alisema.

"Inuka kwanza. Inuka, tafadhali, sisi wote wazee. Nikipiga magoti na mimi, nani atatuinua?"

Lakini Brigitte hakuinuka mpaka alipomaliza kueleza. Rosalia alisikiliza amesimama. Mwishoni alinyoosha mkono akalipokea jani, akalilaza kifuani.

"Limekwisha," alisema. "Nimelipokea, limekwisha. Hukujua. Ulikuwa unamtafutia mtoto kwao." Kisha akamtazama Hénock, akamtazama kwa muda. "Lakini hawezi kukaa pale, mnaelewa? Si kwa ubaya. Tutamtoa, tumlaze pembeni, mahali pazuri, nitampandia sale yake mwenyewe. Zephania wangu bado anarudi. Lazima akute nafasi yake."

"Iko haki yako," alisema Brigitte.

Octave alimshika Rosalia mkono kwenye ngazi. Walishuka kidato kwa kidato, naye aliomba radhi kwa kila kidato kwa kuwachelewesha.

Bustani ilikuwa kimya. Wengi walikuwa kanisani. Kudra alikuwepo, amesimama kwenye kipande chake bila kulima. Ndege weusi walikuwa wamepanga mstari kwenye ukuta wa iliyokuwa klabu, na hakuna aliyelia. Chini ya sale udongo ulikuwa mbichi kama mtu aliyemwaga maji ameondoka sasa hivi. Alama ya mguu ilikuwa bado ipo. Rosalia aliiona. Aliinama kadiri alivyoweza, akaipima kwa kiganja bila kuigusa, na hakusema alichokipata.

"Nipeni kitu cha kukalia," alisema. "Nitachimba mimi."

Kudra akageuza ndoo yake juu chini, akaiweka. Rosalia akaketi, akaanza kuondoa udongo kwa mikono, kidogo kidogo, akiutia pembeni. Brigitte alisimama juu yake akimwonyesha.

"Si mbali. Nilifikisha kiwiko. Kitambaa cheupe kwanza, halafu mukebe."

Vidole vya Rosalia vikagusa bati. Alikuwa hajafika hata kifundo cha mkono.

Mkebe haukuwa katikati. Ulikuwa ukingoni mwa shimo, upande wa njia ya kutokea, karibu kabisa na uso wa ardhi, umesimama wima kama mzigo wa msafiri uliowekwa tayari mlangoni. Udongo ulikuwa umepanguswa kwenye kifuniko.

"Hapana," alisema Brigitte. "Hapana, mi sikuuweka hapo. Sikuugusa. Ulikuwa chini kabisa."

"Uliuhamisha bila kujua," alisema Octave, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Rosalia aliutoa mkebe, akaupakata. Akaendelea kuchimba kwa mkono mmoja. Alifika kwenye kiwiko. Chini pale, ardhi ilikuwa na duara la kutu, jekundu, zuri, mahali mkebe ulipolala miaka yote. Katikati ya duara, kikavu, kimekunjwa kama Brigitte alivyokikunja, kililala kitambaa cheupe cha Hénock.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nani amechimba hapa?" Octave aliuliza. Alimtazama Kudra, na Kudra akatikisa kichwa. Akamtazama mama yake. Akayatazama magoti ya Rosalia. Halafu hakuwa na mwingine wa kumtazama.

Rosalia alikuwa ameinama juu ya shimo. Alipozungumza alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani.

"Zephania amempisha," alisema.

"Mama Rosalia, tutamhamisha," alisema Célestine. "Tumekuja kumhamisha. Umesema tumlaze pembeni."

"Hapana, mwanangu. Msimguse. Amelazwa na mwenyewe." Alipangusa mkebe kwa pindo la gauni lake la kanisani. "Mtu anayerudi nyumbani hatoi kitanda chake. Anakuta mgeni amelala, anamwambia sogea. Huyu wangu ameona hatakihitaji tena."

Kisha akafungua kitenge kilichokuwa begani, akajifunika kichwani mpaka usoni, akateremka kutoka kwenye ndoo akakaa chini kwenye udongo, miguu imenyooshwa mbele. Wote walijua kikao kile. Kwa Wachaga, kwa Wakongo, kwa watu wa Tanga, wanawake hukaa hivyo kwa jambo moja tu. Brigitte alikuwa wa kwanza kuketi pembeni yake, bega kwa bega. Kudra akaketi upande wa pili. Octave alivua kofia, na mara hii hakuirudisha. Alipiga magoti, akaanza kuurudisha udongo juu ya kitambaa cha mwanawe kwa viganja, taratibu.

Rosalia alilia kwa sauti ndogo, ya kukwaruza, sauti ya mtu asiyejua pa kuanzia. Miaka miwili na nusu, tangu Zephania apotee, hakuwa ameitumia.

Célestine alisimama. Kifuani kwake mtoto aligeuka. Alisikia kichwa kikizunguka, kikiiacha ile sale, kikimjia yeye. Mdomo ukatafuta kwenye kitambaa cha blauzi, ukagonga, ukatafuta tena. Alifungua kifungo. Hénock akalishika ziwa.

Alinyonya kwa pupa, akimeza kwa sauti, akipumua kwa pua, na kila funda lilisikika. Célestine aliona haya. Machozi yalimtoka kwa furaha, naye alikuwa amesimama msibani. Akageuka awape mgongo, akavuta kanga yake juu ya kichwa cha mtoto ili ile sauti isimfikie mama mwenzake.

"Usimfunike," alisema Rosalia kutoka ndani ya kitenge. "Sogea hapa, mwanangu. Acha nimsikie."